Slam (1998): Kete Mkononi, Kete Mdomoni

Kipande kinachojulikana kuliko vyote cha Slam, filamu ya Marekani, ni kile cha uani. Kijana mwembamba amesimama ndani ya ua wa jela ya Washington, makundi mawili ya wafungwa yanamkaribia, kila moja likimtaka achague upande au aonje kipigo, naye badala ya kukunja ngumi anafungua kinywa na kughani. Hakuna biti wala maiki. Waliokuja kumpiga wanabaki wameduwaa. Kipande hicho kinastahili sifa zake, lakini mtu akiitafuta filamu hii kwa ajili yake peke yake atakuwa amelamba mchuzi na kuacha nyama. Nyama iko mbele, nje ya jela, pale mwalimu anapogombana na mwanafunzi wake kuhusu nani anayewajibika kwa maisha ya nani. Katika filamu zote zinazomhusu mchanaji kijana na mshairi aliyemtangulia, sijui nyingine iliyouonyesha ugomvi huo kwa ukweli kama huu.

Mwongozaji ni Marc Levin, mtu aliyekulia kwenye filamu za maisha halisi. Mwaka 1998 Slam ilichukua tuzo kuu ya majaji kwa filamu za kuigiza kwenye tamasha la Sundance, na miezi michache baadaye ikachukua Caméra d'Or, tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji, kwenye tamasha la Cannes. Urefu wake ni kama dakika 100. Saul Williams ndiye Ray Joshua, kijana wa mtaa unaoitwa Dodge City, kusini-mashariki mwa Washington, anayeuza bangi kidogo kidogo na kutunga mashairi. Sonja Sohn ndiye Lauren Bell, anayefundisha uandishi jelani. Bonz Malone ndiye Hopha, mfungwa mwenye kauli nzito kuliko askari wengi. Watatu hawa wameshiriki kuiandika hadithi pamoja na Levin na Richard Stratton, na hilo linaeleza kwa nini maneno yana uzito wa mtu aliyeyaishi. Stratton alitumikia miaka minane katika magereza ya Marekani kwa kosa la kusafirisha bangi. Williams alikuwa bingwa wa mashindano ya slamu, yaani ya kughani mashairi mbele ya majaji, ya Nuyorican Poets Cafe, New York, mwaka 1996. Sohn naye alitokea kwenye majukwaa hayo hayo. Alizaliwa 1964, Williams 1972, na tofauti hiyo ya miaka minane inaonekana machoni: si mama na mwana, ni dada mkubwa aliyekwishapita njia ambayo mdogo wake ndiyo kwanza anaikanyaga.

Kisa chenyewe ni kifupi. Ray yuko na rafiki yake Mike, anayempa mzigo wa kuuza, na Mike anapigwa risasi. Ray anakimbia, polisi wanamkamata akiwa na bangi. Wakili anayelipwa na serikali anamwekea mezani njia tatu: akiri kosa apunguziwe kifungo, aende kwenye kesi na kubahatisha kifungo kirefu zaidi, au ataje wenzake. Ndani ya jela kundi la Hopha na wapinzani wao wote wanamtaka. Anamkuta Lauren darasani. Hopha anampatia dhamana, anatoka, anakwenda kumsihi Mike aliyenusurika asilipe kisasi, anaingia katika mapenzi na Lauren, anapanda steji ya slamu, kisha anabaki na uamuzi wa kurudi mahakamani au kutoroka. Ukisimulia hivi inaonekana kama hadithi uliyokwisha kuisikia. Uzito wake uko kwenye namna ilivyotengenezwa.

Tuanze na mahali. Levin aliingia na kamera katika jela halisi ya Washington, na wengi kati ya sura unazoziona darasani na uani ni za wafungwa wenyewe. Hawaigizi kukaa jela. Angalia jinsi mtu anavyokaa kwenye kiti akiwa ameuegemeza mgongo ukutani, jinsi anavyosoma karatasi yake bila kuinua macho hadi mstari wa mwisho. Mwigizaji wa kukodiwa angeinua macho mapema, akitaka kuona kama amependwa. Hata hakimu anayemsomea Ray mashtaka ana historia: ni Marion Barry, aliyekuwa meya wa Washington wakati huo, ambaye mwenyewe alikamatwa mwaka 1990 kwa dawa za kulevya na kukaa gerezani miezi sita. Mtazamaji asiyemjua ataona hakimu tu. Anayemjua atasikia maneno yale yakigonga pande mbili.

Mpiga picha, Mark Benjamin, anashika kamera mkononi karibu filamu nzima. Faida yake ni kwamba kamera haijui nani atasema neno linalofuata, kwa sababu sehemu kubwa ya mazungumzo yaliachwa wazi: waigizaji walipewa mwelekeo wa tukio na kuujaza kwa maneno yao. Lenzi inachelewa nusu sekunde, inageuka, inamkuta msemaji katikati ya neno, kama jicho la mtu aliyeketi chumbani humo. Hasara yake ipo pia. Katika dakika ishirini za kwanza, mitaani, picha inatikisika hata pale ambapo hakuna kinachotikisa, na mtu anayeitazama kwenye skrini kubwa akiwa amekaa mstari wa mbele ataumwa kichwa. Kaa nyuma kidogo.

Kabla ya uani kuna tukio dogo ambalo mchanaji yeyote anapaswa kulirudia mara tatu. Ray yuko seli yake, jirani yake anaanza kuchana huku akigonga mdundo, na wawili hao wanapokezana mistari bila kuonana uso. Hapo utaona fristaili, yaani kuchana papo kwa papo, inavyofanya kazi ikiondolewa kila pambo. Mdundo ni mkono kwenye chuma. Anayeingia hasubiri baa ya kwanza (kipimo cha mapigo manne) ianze upya, anadaka neno la mwisho la mwenzake na kulifanya neno lake la kwanza. Ni kanuni ile ile ya kujibizana kwa malenga wa pwani, ambapo anayejibu hufungwa na vina vya aliyemtangulia. Wengi wanaoshindwa fristaili hushindwa hapa: wanakuja na mistari minne ya akiba kichwani, wanaimaliza, halafu hawana pa kushika kwa sababu hawakuwa wakimsikiliza mwenzao.

Sasa uani. Shairi analoghani Ray ni la Williams mwenyewe, linaitwa "Amethyst Rocks". Ni kazi ya fundi, ingawa linapokewa kama mlipuko wa hasira. Williams alisomea falsafa na uigizaji katika chuo cha Morehouse, kisha akachukua shahada ya uzamili ya uigizaji New York University. Sauti ile imefunzwa. Sikiliza pumzi: anaanza haraka bila kupaza, anatumia hewa fupi fupi, na anaiweka hewa ndefu kwa ajili ya katikati ya shairi, pale sentensi zinaporefuka. Kijana anayemwiga huanza kwa kupiga kelele, na ikifika sekunde ya arobaini koo limekauka na hakuna pa kupanda tena.

Vina vyake navyo havikai mahali pamoja. Katika tarbia yetu, shairi la mishororo minne kila ubeti, tunajua kina cha kati kiko kwenye mizani (silabi) ya nane na cha mwisho kwenye ya kumi na sita, na sikio linakingoja kama mtu anavyongoja basi la saa mbili. Williams anafungua kwa sauti moja inayojirudia mara nne ndani ya mistari miwili, kisha anainyamazisha kabisa, unaisahau, halafu anairudisha pale ambapo hukuitarajia. Ndiyo maana wale wafungwa wanasimama. Sikio lao limenaswa na ahadi ambayo haijatimizwa bado.

Maana yenyewe ina mtego mwingine, na hapa wanaowatafsiria watazamaji wetu ndipo wanapojikwaa. Mshairi anasema amesimama kwenye kona ya mtaa akiuza mawe ya amethisti. Neno analotumia kwa mawe ndilo neno la mitaani la Marekani kwa punje za kokeini ya kuvuta. Kwa hiyo muuzaji wa kona anakuwa, kwa wakati mmoja, muuza sumu na muuza vito vya zambarau, na chupa kubwa ya bia ya mitaani inageuka kuwa kinywaji cha ardhi yenyewe. Ukitafsiri "nauza mawe" umepoteza kila kitu, maana Kiswahili hakiiti dawa za kulevya mawe. Ukitafsiri "nauza unga" umebaki na polisi ukapoteza kito. Lakini tuna neno ambalo Kiingereza kinaweza kulionea wivu: kete. Kete ni kifurushi kidogo cha dawa kinachouzwa kona. Kete ni ile mbegu ya kuchezea bao. Kete ni kombe dogo la baharini, lile linalotungwa kuwa pambo. Mchanaji wa Kiswahili akisema anasimama kona akigawa kete za zambarau, amemfikisha msikilizaji kwa muuzaji, kwa mchezaji anayehesabu hatua zake, na kwa mvuvi, vyote kwa neno moja. Anayetaka kulileta shairi hili katika lugha yetu aanzie hapo, na asiogope kuacha neno la asili ili abaki na mtego wake.

Tufike kwa Lauren, kwa sababu ndiye anayeibeba filamu ingawa bango lina sura ya Ray.

Darasa lake halina kitu cha ajabu: viti, karatasi, wanaume wanaosoma walichoandika. Hatumwoni akiwafundisha urari wa vina wala tamathali za semi. Mwandishi wa filamu ambaye hajawahi kuingia darasa la namna hii angemwekea ubao na somo, na kijana angeelimika kwa dakika tatu huku muziki ukipanda. Lauren anasikiliza, na anadai ukweli wa kilichosomwa. Wakati huo huo tunajua fedha za mradi zimekwisha na darasa linafungwa. Walimu wa magereza na wa vituo vya vijana watalitambua jambo hilo mara moja: mradi hufa pale tu watu walipoanza kuaminiana. Ni bahati mbaya kwamba filamu inalitaja na kuliacha. Hatujui wale wanaume wengine waliendelea vipi, na baadhi yao walikuwa wamesoma vipande vyenye nguvu sawa na vya Ray.

Ray hahitaji kufundishwa maneno. Anayo tayari, tena mengi kuliko Lauren. Anachokosa ni kuyafanya yamguse yeye mwenyewe. Ukiyasikiliza mashairi yake ya mwanzo, mkosaji yuko nje daima: polisi, mfumo, historia, utumwa. Yote hayo ni kweli, na filamu haisemi vinginevyo. Lakini mtu anayesimama kona akiuza naye yumo ndani ya hadithi hiyo, na shairi lisilomtaja linabaki na tundu katikati.

Hilo ndilo linalolipuka kwenye ugomvi wao baada ya dhamana. Ray anaogopa jela, anasema wazi kwamba itamuua, na hoja zake ni nzito kiasi kwamba mtazamaji yuko upande wake. Lauren hambembelezi. Anamwambia aikubali sehemu yake katika kilichotokea, na ili maneno hayo yasiwe mahubiri ya mtu aliyesimama pakavu, anamfunulia maisha yake ya nyuma, mambo ambayo mwalimu wa kawaida angeyaficha. Wanakatizana, wanapandana sauti, mmoja anageuka kuondoka na kurudi. Hakuna mstari uliopambwa. Kwa washairi wawili wanaoishi kwa maneno mazuri, kugombana kwa maneno mabovu, yaliyovunjika, ndiyo dalili kwamba wamefika penyewe. Mwongozaji alikuwa na busara ya kuacha tukio liende bila muziki wa kutuambia tulie saa ngapi.

Anayelea wachanaji chipukizi ajifunze mpangilio wa Lauren, kwa sababu mpangilio ndio siri yake. Kwanza anampa kijana mahali pa kusomea. Pili anamwonyesha kwamba naye anaandika: anapanda steji na shairi lake, hajifichi nyuma ya cheo cha ualimu. Ukosoaji mkali unakuja wa tatu, baada ya hayo mawili, na hauhusu kina hata kimoja, unahusu maisha yaliyo nyuma ya shairi. Walezi wengi hugeuza mambo. Siku ya kwanza wanakata mistari ya kijana kwa kalamu nyekundu, siku ya pili kijana hayupo. Wengine hukwama kwenye hatua ya kwanza, wanapiga makofi miaka miwili, na mchanaji anafika studio akiwa na sifa nyingi na nyimbo tatu zinazosema kitu kimoja.

Jambo moja la Lauren lisiigwe, nalo ni mapenzi. Filamu inaona kuwa ni kawaida mwalimu na mfungwa wake wa jana kuwa wapenzi mara tu mlango wa jela unapofunguka. Sohn na Williams wanaigiza kwa upole, na baadhi ya watazamaji watafurahi, lakini hadithi inadhoofika. Baada ya usiku ule, kila neno kali la Lauren linaweza kusikika kama neno la mpenzi anayeogopa kuachwa, na ule uzito wa mlezi asiye na faida yake mwenyewe unapungua. Katika kituo chochote cha vijana chenye taratibu jambo hilo lingemtoa mwalimu kazini, na sawa kabisa. Ukiionyesha filamu kwa kundi, lisemwe wazi, lisirukwe kwa aibu.

Kasoro ya pili ni ya uani, kipande kile kile kinachosifiwa. Shairi haliondoi kisu mkononi mwa mtu. Filamu inajua hilo kwa sehemu, kwa sababu kilichomlinda Ray baada ya hapo ni heshima ya Hopha, na Hopha ana watu nyuma yake. Lakini inaharakisha, na kijana anayetazama anaweza kuondoka akidhani maneno yana nguvu ya uchawi. Nguvu iliyomo pale ni ya mshangao, na mshangao hutumika mara moja. Ray angerudia kesho yake, wangemcheka au kumpiga. Kuhusu Hopha mwenyewe, Bonz Malone anamcheza kwa utulivu wa kuogofya, na ni hasara kwamba hatuelezwi vizuri kwa nini anatoa fedha za dhamana. Mtu wa aina yake hatoi bure.

Usiku wa slamu unahitaji maelezo kwa asiyejua mchezo huo, maana filamu haitoi. Slamu ilianzishwa Chicago na Marc Smith, fundi ujenzi aliyekuwa mshairi, na tangu 1986 ikapata makao katika baa ya Green Mill. Kanuni zilizoenea ni hizi: shairi liwe lako, usitumie ala ya muziki, vazi la maigizo wala kifaa, na una dakika tatu pamoja na sekunde kumi za msamaha. Ukizidisha unakatwa nusu alama kwa kila sekunde kumi. Majaji watano wanachaguliwa miongoni mwa watazamaji, kila mmoja anatoa alama kuanzia 0 hadi 10 zenye desimali moja, ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, tatu za katikati zinajumlishwa. Alama kamili ni 30. Kutupa alama mbili za pembeni kunamzuia shangazi yako aliyekaa ujajini asikupe ushindi, na adui yako asikunyime.

Kwa mtunzi wa Kiswahili dakika tatu ni nyingi kuliko zinavyosikika. Ukighani kwa mwendo wa wastani, tuseme silabi nne kwa sekunde, una silabi 720. Mshororo wa mizani 16 unaingia humo mara 45, yaani tarbia ya beti 11 na mshororo mmoja. Anayechana juu ya biti ya mapigo 90 kwa dakika anamaliza baa 16 kwa sekunde 43 hivi, kwa hiyo ana nafasi ya baa zaidi ya 60 katika dakika hizo hizo. Ndiyo sababu wachanaji wanaohamia slamu huishiwa katikati: wamezoea kupumzika kwenye kiitikio. Shairi analotumia Ray jukwaani, "Sha-Clack-Clack", linatatua tatizo hilo kwa ufundi mkubwa. Lina mwigo wa sauti unaorudi, kama vyuma vinavyogongana, na kila unaporudi mshairi anavuta hewa huku hadhira ikidhani ni pambo. Hata kama hujui Kiingereza utausikia mwigo huo ukibadilika uzito kila unapotokea. Hakuna tangazo la mshindi. Ray anatoka nje kabla makofi hayajamfunga pale, na hilo ni chaguo sahihi, kwa sababu alama za majaji hazina la kusema juu ya kesi yake.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kuitazama Slam bila kumkumbuka mshairi Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya waraka wake wa Kenya: Twendapi?, na akiwa kifungoni akaandika kwenye karatasi za chooni mashairi yaliyotoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Yeye hakuwa na darasa wala Lauren. Arudhi ndiyo iliyomlea: kipimo cha mizani kilichokuwa kichwani mwake tangu utotoni Mombasa. Ukiviweka viwili hivi bega kwa bega, unapata swali zuri la kuwauliza vijana: Ray amevunja kila kipimo ili apumue, Abdilatif ameshika kila kipimo ili asivunjike. Kijana anayejua upande mmoja tu asomewe wa pili.

Kuionyesha kwa kundi, mambo machache yazingatiwe. Marekani iliipa daraja R, la filamu zisizofaa watoto, na si bure: matusi ni mengi tangu mwanzo, kuna tukio la kitandani na kuna risasi. Chini ya miaka 16 isionyeshwe. Itafutwe nakala yenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha, kwani lafudhi za wafungwa ni nzito hata kwa anayekijua Kiingereza vizuri, na maandishi hayo yawekwe tayari kabla watu hawajaketi. Spika za televisheni peke yake hazitoshi. Sauti nyingi ni za mahali penyewe, zenye mwangwi wa kuta, na zikipitia spika ndogo maneno yanamezwa. Spika mbili za nje zilizowekwa usawa wa masikio zinatosha chumba cha watu thelathini, na besi ipunguzwe, isipandishwe, kwa sababu kinachotakiwa ni konsonanti.

Isionyeshwe mfululizo kwa wachanaji wanaojifunza. Simamisha baada ya tukio la seli, wapange wawili wawili wakiwa wamepeana migongo, wapokezane mistari minne minne kwa kugonga meza, dakika tano zinatosha. Simamisha tena baada ya uani, na usiruhusu mtu kusifia. Uliza tu: amevuta pumzi mara ngapi? Wengi hawatajua. Rudia kipande, safari hii wakihesabu kwa vidole. Ugomvi wa Lauren na Ray usikatwe hata kidogo, na baada yake pawe na kimya cha dakika nzima kabla ya mtu kusema.

Atakayetaka kuona kilichofuata kwa wawili hawa ana pa kwenda. Sohn alikuja kuwa mpelelezi Kima Greggs katika tamthilia ya televisheni The Wire kuanzia 2002, kisha akaanzisha huko Baltimore mradi wa kufanya kazi na vijana waliokwisha kukutana na polisi na mahakama, yaani alimchukua Lauren kutoka kwenye filamu na kumpeleka mtaani. Williams alitufikia hadi huku: Neptune Frost ya 2021, aliyoiongoza pamoja na Anisia Uzeyman, ilipigwa Rwanda, hadithi yake iko Burundi miongoni mwa wachimbaji wa madini ya koltani, na Kiswahili kinasikika ndani yake pamoja na Kirundi, Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Ni filamu ngumu zaidi, ya nyimbo na ndoto, na anayeanza nayo kabla ya Slam atapotea.

Picha ya mwisho ya Slam ni Ray chini ya mnara wa Washington usiku, nguzo ya jiwe yenye mita 169 na mtu mmoja mguuni pake. Filamu inakatika kabla hajaamua. Usiwaambie vijana alifanya nini, na usiwapigishe kura. Wape karatasi na dakika ishirini, mistari 16 kwa sauti ya Ray akiwa amesimama pale, sharti moja tu: neno "mimi" liwemo, na lisiwe kwenye kina.